Makabati ya mninga na makabati meupe ya kisasa: yanaweza kukaa jiko moja?

*"Habari mtaalamu. Tunamalizia nyumba yetu Kigamboni na sasa tumefika jikoni. Marehemu mama mkwe alituachia makabati mawili ya mninga: moja la chini lenye milango minne ya paneli, kimo chake sentimita 78, kina sentimita 48, upana kama mita moja na nusu, jingine dogo la vioo la kuwekea vyombo vya wageni. Mume wangu hataki yatoke mikononi mwetu, na mimi pia siwezi kuyatoa. Lakini nataka jiko jeupe la kisasa, milango bapa isiyo na nakshi, kaunta ya graniti. Fundi seremala anasema nichague moja: mitindo miwili jikoni inaonekana kama vitu vya kuokoteza, halafu mninga na MDF havikai pamoja, vitapasuka. Wifi yangu anasema yote yapakwe rangi nyeupe yafanane, mambo yaishe. Jiko lina mita 4 kwa 3, mlango uko upande mfupi, dirisha liko ukuta mrefu juu ya sinki. Naweza kuchanganya? Na nikichanganya nianzie wapi nisije nikajuta?"*

Dada yangu, unaweza kuchanganya, na kwa makabati uliyonayo mimi ningekushauri uchanganye. Ila fundi wako msimpuuze. Amesema mambo mawili: la kwanza lina ukweli ndani yake ingawa hitimisho si sahihi, na la pili ni sahihi kwa hali moja tu ambayo si ya kwako.

Nilivyokuelewa, hofu yako si mninga wala MDF. Unaogopa mgeni aingie jikoni aone kama fedha ziliwaishia katikati ya safari, mkamalizia na kilichokuwepo. Hofu hiyo ina msingi, nimeyaona majiko ya namna hiyo. Lakini ukiyachunguza, mara nyingi utakuta tatizo halikuwa kwenye mitindo. Lilikuwa kwenye vipimo.

Kwanza tuliondoe wazo kwamba jiko zuri lazima makabati yake yote yawe ya sura moja. Jiko la makabati yaliyojengwa kuzunguka ukuta mzima ni jambo la juzijuzi. Mfano unaotajwa sana kuwa chanzo chake ni jiko la Frankfurt, alilolisanifu Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 kwa ajili ya mradi mkubwa wa nyumba uliosimamiwa na Ernst May, msanifu majengo ambaye baadaye alihamia Tanganyika akalima, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Jiko lile lilikuwa dogo, kama mita 1.9 kwa 3.4, na kila kitu kilipangwa mwanamke asipoteze hatua. Kabla ya hapo jiko lilikuwa na meza yake, kabati lake la vyombo, rafu yake, kila kimoja kimetoka kwa fundi wake. Na hata lile la Frankfurt lilichanganya: milango ya kupakwa rangi, vichota vya alumini vya kuwekea vyakula vikavu, droo za unga za mti wa mwaloni ili wadudu wasiingie, na mbao za mti mwingine sehemu ya kukatia. Kila kitu kiliwekwa pale kwa sababu. Hilo ndilo la kushika: anayeingia jikoni akiona sababu, haoni kiraka.

Sasa kwa nini mchanganyiko mwingine unapendeza na mwingine unachukiza? Jicho linavumilia tofauti kubwa, halivumilii tofauti ndogo. Mwanamume akivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, hakuna atakayesema amekosea. Akivaa suruali nyeusi ya suti moja na koti jeusi la suti nyingine lililopauka kidogo, kila mtu atageuka. Makabati ni hivyo hivyo. Mninga wa kweli karibu na MDF nyeupe isiyo na nakshi ni vitu viwili vinavyojulikana kuwa viwili. Mninga wa kweli karibu na ubao wenye karatasi ya "rangi ya mninga" ni aibu, na inaongezeka mwaka hadi mwaka, kwa sababu mbao halisi inabadilika rangi kadiri inavyopata mwanga na umri, na ile karatasi ina mabadiliko yake mengine. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "tunayo bodi inayofanana kabisa na mninga wako", mshukuru, uondoke.

Jambo la pili ni mistari. Hebu simama mbele ya kabati la mama mkwe, milango imefungwa, utazame katikati ya mlango na mlango. Bila shaka utaona fremu, kipande cha mbao kilichosimama chenye upana wa sentimita nne au tano, na milango imeingia ndani ya fremu, uso wake uko sawa na uso wa fremu. Makabati ya kisasa hayana fremu. Ni sanduku la bodi ya milimita 18, na mlango unafunika sanduku lote, kati ya mlango na mlango kuna mwanya wa milimita tatu tu. Ukiyabananisha haya mawili kwenye mstari mmoja, upande huu jicho linaona mbao, mlango, mbao, mlango. Upande ule linaona milango tupu na vijistari vyembamba. Hapo panachukiza hata ukipaka rangi moja. Hiki ndicho fundi wako anachokiona kwa uzoefu wake anaposema "vitu vya kuokoteza". Ana haki. Lakini dawa yake si kuchagua kimoja. Dawa ni kutoviweka bega kwa bega.

Nije kwenye suala la kupasuka. Mbao halisi inavuta unyevu hewani na kuutoa, na inapofanya hivyo inatanuka na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu wake mabadiliko ni madogo mno. MDF ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa pamoja na gundi, haina mwelekeo wa nyuzi kama mbao, kwa hiyo inacheza tofauti. Ukigandisha kipande kipana cha mbao halisi juu ya MDF kwa gundi, baada ya masika na kiangazi kadhaa kimoja kitamvuta mwenzake, na utaona ufa au kujipinda. Fundi yuko sahihi kwa hali hiyo. Lakini kabati la mninga lililosimama peke yake na kabati la MDF lililosimama peke yake havina ugomvi wowote. Kila kimoja kinapumua kivyake. Tena umebahatika, maana mninga unasifika kwa kutulia: ukishakauka vizuri, unatanuka na kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi. Na mlango wa paneli ulibuniwa kwa sababu hii hii. Ile paneli ya katikati haijagandishwa, imekaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye fremu ya mlango, ina nafasi ya kucheza. Ibonyeze taratibu kwa kidole gumba, kwenye kabati la zamani lililotengenezwa na fundi anayejua kazi utaisikia ikitikisika kidogo sana. Usimruhusu mtu aimwagie gundi "kuikaza".

Ndiyo sababu napingana na wifi yako, kwa heshima zote. Akipaka rangi nyeupe, ile rangi itaziba ule mfereji, paneli itaendelea kucheza, na mwaka ujao utaona mstari wa ufa kuzunguka kila paneli. Mninga pia una mafuta yake ya asili. Bila praima ya kuzuia madoa, wekundu unaweza kupenya juu ya rangi nyeupe. Zaidi ya hayo, mtakuwa mmepaka rangi mbao ambayo siku hizi ni ghali na kuipata iliyokauka vizuri ni kazi, mpate kitu kinachokaribia kufanana na vingine lakini hakifanani. Turudi kwa zile suti mbili. Kama makabati yangekuwa ya mbao laini yenye mabaka na viraka, ningesema paka. Haya, hapana.

Basi tupange jiko lako. Una mita 4 kwa 3. Makabati meupe mapya yote yaende ukuta wa dirisha wenye sinki, na yakunje kona kuelekea ule ukuta mfupi usio na mlango, liwe umbo la L. Huko ndiko maji, moto, kukata na kuosha vitakapokuwa. Ukuta mrefu wa pili, unaotazamana na sinki, mpe mama mkwe peke yake. Usiweke kabati jeupe hata moja upande ule, chini wala juu. Makabati mapya yakiwa na kina cha sentimita 60 na la mninga sentimita 48, katikati inabaki njia ya sentimita 192. Watu wawili wanapishana wakiwa na masufuria, na mlango wa oveni unafunguka bila kumgonga mtu. Najua wengi wanatamani kisiwa katikati. Kwa upana wa mita 3 ukiweka kisiwa unabaki na vichochoro, sikushauri.

Kimo ndicho kitakachokusumbua, na hapa una njia mbili za halali. Makabati mapya nayadhania yatafika sentimita 86: kitako sentimita 12, sanduku 72, graniti 2. Lako lina 78. Njia ya kwanza ni kuliacha na kimo chake, uso wake wa mninga, miguu yake ionekane, lisimame kama samani. Tofauti ya sentimita 8 inaonekana kuwa imekusudiwa, na ina faida: meza ya chini kidogo ndiyo nzuri ya kukandia unga, mabega hayapandi na uzito wa mwili unakusaidia. Wanaopika chapati nyingi Ramadhani wanalijua hili. Njia ya pili ni kuling'oa uso wa juu, tuseme una sentimita 3, ubaki na 75, utengeneze kitako cha sentimita 9 chini yake, uweke graniti ile ile ya sentimita 2 juu, upate 86 kamili. Hapo pande zote mbili zitasomeka kama jiko moja, lakini unakuwa umelikata kabati na kulibebesha jiwe zito. Lazima ndani liongezewe mbao za kubeba mzigo.

Ningekuwa mimi, ningechukua njia ya kwanza. Njia mbaya ni ya katikati: kuliinua kidogo "likaribie", libaki pungufu sentimita mbili. Hizo sentimita mbili utaziona kila asubuhi unapochemsha chai.

Kabati la vioo liweke juu ya hilo la chini, upande mmoja, si katikati, ubaki na nafasi ya wazi ya kufanyia kazi. Lifunge ukutani kwa vyuma viwili vya pembe ili lisianguke mtoto akining'inia. Wazo la kulitundika ukutani linavutia, lakini mninga pamoja na vioo pamoja na sahani za wageni ni mzigo mkubwa, na makabati ya zamani mengi hayakuundwa kwa kutundikwa. Mgongo wake mara nyingi ni plaiwudi nyembamba iliyopigwa misumari midogo.

Sasa kuna kitu kimoja nakuomba usikiruke hata kama bajeti imebana. Mninga usiishie ukuta mmoja. Ukitokea upande mmoja tu, unaonekana kama mgeni aliyeachwa kwenye kiti cha pembeni. Tafuta ubao mmoja wa mninga, wenye upana wa sentimita 20 hivi, ufanye rafu ya wazi upande wa dirisha, ng'ambo ya mahali jiko la gesi lilipo. Rafu moja inatosha, ya vikombe na birika. Rafu nyingi za wazi ni nzuri kwenye picha, lakini nyumba inayokaanga samaki na vitunguu itazichukia ndani ya mwezi, mafuta na vumbi vinashikana juu ya kila sahani. Kisha angalia vishikio vya kabati la zamani. Kama ni vya shaba ya manjano, vishikio vya makabati meupe viwe vya rangi hiyo hiyo ya chuma, umbo lolote upendalo, hata mrija mnyofu wa kisasa. Rafu na chuma vinatosha kuunganisha. Huna haja ya mlango wa mtindo wa tatu.

Ila kama mume wako anaona milango bapa ni baridi mno mbele ya paneli za mama yake, kuna mlango wa kupatanisha unaoitwa Shaker, umetokana na jumuiya ya kidini ya jina hilo iliyofika Marekani kutoka Uingereza mwaka 1774 na kusifika kwa samani zisizo na mapambo. Una fremu ya mraba na katikati bapa iliyozama kidogo, bila nakshi yoyote. Karakana zenye mashine ya CNC, ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, zinauchonga kwenye MDF moja kwa moja. Unakumbusha paneli bila kuiga. Ukiamua huo, uwe kwa makabati meupe yote, usichanganye na bapa.

Kuhusu weupe wenyewe: usichague kwenye katalogi. Mwambie fundi akupulizie kipande cha MDF, ukiegemeze kwenye kabati la mninga hapo hapo jikoni, ukitazame asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa zikiwaka. Nyeupe yenye ubuluu inaufanya mninga uonekane mchafu. Nyeupe yenye umanjano kidogo inauwasha. Na ukague maboksi ya taa. Taa nyingi za LED madukani ni 6500K (namba inayoonyesha rangi ya mwanga), mwanga mkali wenye ubuluu, na chini yake hata mninga mzuri unakuwa wa kijivu. Chukua 3000K au 4000K, jiko zima namba moja. Watu wanalaumu makabati wakati kosa ni la taa ya elfu chache. Rangi ya kung'aa nayo inasamehe kidogo sana: kila wimbi la msasa linaonekana. Kama fundi hana chumba cha kupulizia kisicho na vumbi, chagua isiyong'aa sana.

Upande wa sinki, omba MDF inayostahimili unyevu, ile ambayo ukiikata ndani ni ya kijani. Lakini elewa kwamba ukijani ni rangi ya kuitambulisha tu, na kustahimili unyevu si kuzuia maji. Sanduku la chini ya sinki mimi hulifanya kwa plaiwudi ya kuzuia maji, mlango ndio unabaki MDF. Kingo zote zizibwe, hata zile zisizoonekana, hasa ya chini kabisa, kwa sababu maji ya kudekia huingilia hapo. Na milango iliyovikwa karatasi ya plastiki isikae jirani na moto. Joto linaibandua kuanzia pembeni.

Tuseme ukweli kuhusu fedha pia. Usiingie kwenye mchanganyiko huu ukidhani unaokoa. Utapunguza bodi kadhaa za futi 8 kwa 4, lakini kusafisha kabati la zamani, kuondoa vanishi, kunyoosha milango iliyolegea na kupaka upya ni kazi ya mikono ya siku kadhaa, na fundi mzuri anastahili kulipwa. Bawaba za zamani hazina skrubu za kurekebishia kama zile za kisasa zenye kikombe cha milimita 35, kwa hiyo mlango ukikwama ni randa. Hapo uwe makini: pwani milango inayoingia ndani ya fremu huvimba kidogo masika. Isirandwe kwa pupa, kwa sababu kiangazi utabaki na pengo. Ikwaruzwe kwa msasa pale inapogusa tu.

Kabla ya kuingiza kabati lolote la zamani kwenye nyumba mpya, mwite fundi alikague kwa macho yake, mimi kwa maandishi siwezi. Aligeuze, atazame miguu na mgongo. Moyo wa mninga ni mgumu kwa wadudu, lakini ile sehemu nyeupe ya nje ya mti inaliwa. Akiona vitundu kama vya sindano na unga mlaini chini yake, kuna bungua, na lazima litibiwe nje kwanza, si jikoni. Akikuta chini ya vanishi kuna rangi ya zamani, asiipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Kwa soketi za ukuta ule mpe fundi umeme michoro kabla ya plasta ya mwisho, zisije zikafichwa nyuma ya kabati la vioo. Na mtungi wa gesi usiufungie ndani ya kabati la mninga kwa sababu tu lina nafasi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Mahali pake ni nje ya jiko kwenye kibanda chenye hewa, na bomba lipitishwe na fundi wa gesi mwenyewe.

Leo jioni, kabla seremala hajakata bodi hata moja, mwambie achore kwa chaki na pimamaji mstari wa sentimita 86 kwenye kuta za sinki na kona, na ule wa sentimita 78 ukuta wa pili. Kisha lileteni lile kabati la chini, mlisimamishe mahali pake, mkae nalo jikoni hata siku mbili tatu mkiwa na mume wako. Mkiona lina nafasi yake, fundi aendelee.